Sanamu ya Askari "mwaka 1905": jinsi ya kupima picha ya zamani kwa simu tu

SWALI: Mjomba wangu karusha kwenye grupu la ukoo picha ya sanamu ya Askari pale Posta. Maelezo yake yanasema, "Dar es Salaam 1905, Wajerumani wakizindua sanamu ya askari wao walioshinda Maji Maji." Kwenye picha kuna magari matatu, mtu wa baiskeli, na kibao cha mtaa kinachosomeka kama "Acacia". Binamu zangu wamegawanyika. Wengine wanaapa kuwa picha ni ya kutengenezwa na akili mnemba. Nina simu tu, na bando langu ni la kubana. Nitajuaje ukweli? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Kwa jinsi ulivyoieleza, picha yenyewe huenda ni halisi kabisa na uongo uko kwenye maelezo. Nakushauri uyatenganishe mawili haya tangu mwanzo, maana binamu zako wanabishania picha wakati kosa liko kwenye sentensi iliyowekwa chini yake. Mtu anaweza kuchukua picha nzuri ya kweli akaibandika mwaka wowote, na kwenye simu hakuna kitakachomzuia.

Anza na sanamu, maana inajijibu yenyewe. Askari wa Posta alizinduliwa mwaka 1927, enzi ya Waingereza, kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Siku ukipita makutano ya Samora na Azikiwe, simama usome maandishi ya chini: miaka iliyochongwa pale ni 1914 hadi 1918. Sanamu yenye miaka hiyo haiwezi kuwa ilizinduliwa 1905. Maandishi yanawataja pia wapagazi, yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps, na jina hilo ndilo lililogeuka midomoni mwa watu likawa Kariakoo.

Maelezo ya mjomba yana kosa la pili ambalo halihitaji hata kuiona picha. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 vikaendelea hadi 1907. Kwa hiyo mwaka 1905 hapakuwa na ushindi wa kuzinduliwa sanamu. Moto ndiyo kwanza ulikuwa umewaka kusini. Ukikutana na maelezo ya picha yenye tukio na mwaka, linganisha mawili hayo kabla ya jambo jingine lolote. Mara nyingi yanapingana yenyewe kwa yenyewe, na hapo hujatumia hata kilobaiti moja.

Sasa, aliyeandika yale maelezo huenda hakuyatunga yote. Wajerumani kweli walikuwa na sanamu yao hapa mjini kabla ya Vita Kuu, na kweli ilikuwa na askari. Ilikuwa ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani, aliyefariki 1905. Humo Mzungu amesimama juu, na askari Mwafrika yuko chini kwenye kitako, akiwa na bendera na simba aliyeuawa. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, sanamu hiyo iliondolewa. Ilipelekwa Ulaya, na kuanzia 1922 ilisimama mbele ya chuo kikuu cha Hamburg mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Kwa hiyo kuzitofautisha ni rahisi. Ukiona Mzungu juu na askari chini, huyo ni Wissmann. Ukiona askari peke yake, ameinama kidogo mbele na bunduki yenye singe iliyoelekea bandarini, huyo ni wa 1927. Ninaamini hizi mbili zimechanganywa na mtu aliyesoma habari za moja akaiwekea picha ya nyingine.

Tumeshapata mpaka wa chini: picha haiwezi kuwa kabla ya 1927. Mpaka wa juu unatolewa na kile kibao. Mtaa wa Samora uliitwa Acacia Avenue enzi ya Waingereza, na baada ya Uhuru ukaitwa Independence Avenue kabla ya jina la leo. Wajerumani nao waliuita kwa miti hiyohiyo ya migunga, lakini kwa tahajia yao: Akazien, yenye k na z. Kuza picha uangalie herufi ya pili ya kibao. Ikiwa ni c, uko mikononi mwa Waingereza. Basi picha yako iko kati ya 1927 na miaka ya mwanzo ya Uhuru, na kibao kama hicho ni ushahidi mzito kuliko maneno ya watu mia kwenye grupu.

Magari yatakusogeza karibu zaidi. Tazama taa za mbele na madigadi. Taa zikiwa zimesimama peke yake kama vikombe, madigadi yamevimba kando ya bodi, na pembeni kuna ubao wa kukanyagia, hayo ni magari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Taa zikiwa zimezama ndani ya bodi na ubavu wa gari ni bapa kuanzia mbele hadi nyuma, umeshaingia mwishoni mwa miaka ya 1940 au miaka ya 1950. Ila gari linakupa mpaka wa chini tu. Gari la 1936 liliweza kutembea Dar mwaka 1955, kama tunavyoona leo magari ya miaka ishirini yakipiga debe Mbagala. Hivyo chukua gari jipya kuliko yote kwenye picha ndilo likupe mwaka. Yale makuukuu yaache.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi yote: kilichopo kwenye picha kinakuambia "si kabla ya", na kisichokuwepo mahali kilipopaswa kuwepo kinakuambia "si baada ya". Kwa Dar vipo vitu kadhaa vya kushika kichwani. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902, na la Azania Front ni la kipindi hichohicho, hivyo picha iliyopigwa kutoka baharini ikionyesha ukanda ule hauna minara hiyo haiwezi kuwa ya 1910. Mnara wa Saa uliwekwa 1961 mji ulipopewa hadhi ya jiji. Jengo la soko la Kariakoo lenye paa la miavuli ya zege, lililobuniwa na Beda Amuli, ni la miaka ya 1970. Bendera nayo inasaidia hata kwenye picha nyeusi na nyeupe: ya Tanganyika ilikuwa na milia ya kulala, ya Tanzania mstari wake umekwenda mshazari. Na neno "Tanzania" lenyewe lilianza kutumika mwishoni mwa Oktoba 1964. Bango au waraka wenye neno hilo na tarehe ya 1962, weka kando.

Turudi kwenye simu. Kwanza ujue WhatsApp inaifanya nini picha. Inaibana, na inaifuta taarifa zake za ndani, yaani tarehe ya kupigwa, aina ya kamera na mahali. Kwa hiyo usipoteze muda na zile programu zinazodai kusoma taarifa za picha uliyofowadiwa, hazitakuta kitu. Jina la faili kama IMG-20240512-WA0007 nalo huwadanganya wengi: ile ni tarehe picha ilipopita kwenye WhatsApp, na haihusiani na siku ilipopigwa. Mishale miwili juu ya ujumbe inamaanisha umeshafowadiwa kupitia mlolongo wa watu watano au zaidi. Haithibitishi kuwa ni uongo, lakini inakuambia kuwa mjomba hakuipiga wala hakuiskani yeye, na kumuuliza "umeitoa wapi" hakutakufikisha mbali.

Utafutaji wenyewe haumalizi bando. Picha ya WhatsApp kwa kawaida ni kilobaiti mia chache tu. Ihifadhi kwenye simu, kisha fanya nakala mbili. Ya kwanza iache nzima, ila kata fremu, maandishi yaliyobandikwa juu na nembo za kurasa, kwa sababu mashine hukamata maandishi hayo ikakuletea kurasa zilezile zilizorudia uongo. Ya pili kata ibaki jengo au sanamu peke yake. Fungua programu ya Google, gusa alama ya kamera, uchague nakala ya kwanza, halafu ya pili. Nakala nzima hukuletea picha ileile mahali pengine. Kipande hukuletea jina la kitu. Watu wengi hufanya ya kwanza tu, wakikosa wanasema haipo.

Baada ya hapo nenda TinEye, tovuti ya kutafuta picha kwa kutumia picha, kwa kivinjari, upandishe nakala nzima, na upange majibu kuanzia la zamani. Elewa unachokiona: tarehe inayoonyeshwa ni siku TinEye ilipoikuta picha mtandaoni, na si ya kupigwa. Faida yake ni kwamba nakala ya mwanzo mara nyingi bado ina maelezo ya asili ambayo wafowadishaji waliyafuta. Kama pande zote mbili zimegoma, igeuze picha kushoto-kulia utafute tena, maana kurasa nyingi hugeuza picha ili zisijulikane zilikoiba. Picha iliyogeuzwa utaijua pia kwa magari yanayokwenda upande wa kulia wa barabara na vibao vinavyosomeka kinyume. Yaliyomo kwenye magrupu ya siri ya Facebook na kwenye WhatsApp za watu hayatafutiki kwa njia hizi, hilo lisikushangaze.

Jambo ambalo watafutaji wengi wa hapa nyumbani hawalijui, na ndilo linalofungua milango zaidi kuliko yote, ni tahajia. Wajerumani waliandika jina la mji wetu kwa neno moja, "Daressalam", na nchi waliiita "Deutsch-Ostafrika". Ukitafuta picha za enzi yao kwa "Dar es Salaam" unaziacha nyingi nje. Andika "Daressalam" na kando yake neno la Kijerumani la kitu: "Hafen" kwa bandari, "Bahnhof" kwa stesheni, "Denkmal" kwa sanamu ya kumbukumbu. Jaribu sasa hivi "Wissmann Denkmal Daressalam" uone picha inayotakiwa kulinganishwa na ya mjomba. Kwa enzi ya Waingereza tumia "Tanganyika Territory".

Majibu yakikuelekeza Wikimedia Commons, hifadhi ya mtandaoni ya picha huria, angalia jina la faili. Mwezi Desemba 2008 hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliweka huko karibu picha 100,000. Zile zenye "Bild 105-DOA" kwenye jina ni za mpigapicha Walther Dobbertin, aliyefanya kazi huku kuanzia 1906, na herufi DOA ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika. Ukiikuta picha yako kwenye mkusanyiko huo, umeifikia chimbuko. Soma pia maelezo yaliyoambatana, lakini kwa tahadhari: ni maelezo ya wakoloni wenyewe, yaliachwa kama yalivyoandikwa, na baadhi yana makosa au lugha ya kutweza watu wetu. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani nacho kina mkusanyiko wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960, na unaweza kuutazama mtandaoni bila malipo.

Kuhusu akili mnemba, binamu zako wana haki ya kuwa na wasiwasi, ila waangalie mahali sahihi. Uso mzuri hauthibitishi kitu. Angalia maandishi: herufi za vibao kwenye picha ya kutungwa huwa zinafanana na herufi lakini hazisomeki. Angalia vitu vyenye mpangilio, kama spoki za baiskeli, nyaya za umeme zinazopaswa kutoka nguzo hadi nguzo, mkanda wa bunduki unaoanzia mahali na kuishia mahali. Kisha linganisha na mahali penyewe: sanamu iko kwenye mzunguko wa barabara, na mitaa yake haijahama. Picha inayoweka bahari mita kumi nyuma ya Askari imetungwa, hata kama kila mkono una vidole vitano. Kibao chako kinachosomeka "Acacia" kinaipa picha yenu nguvu, kwa sababu anayetunga uongo wa 1905 hana sababu ya kuweka kibao kinachomuumbua.

Kuna hatari ya kati na kati ambayo inanisumbua zaidi kuliko picha za kutunga moja kwa moja: picha halisi iliyopitishwa kwenye programu za kung'arisha. Programu hizo hazifufui kilichofifia, zinakisia. Uso wenye ukungu unapewa macho ya mtu mwingine, na kibao kilichofifia kinapewa herufi mpya. Ukishang'arisha, huwezi tena kusoma ushahidi humo. Tafuta kwa nakala chafu, soma kwa nakala chafu. Rangi pia ni hivyohivyo. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilitoka 1935, hivyo picha ya mtaani Dar ya "1900" yenye rangi tamu ama ilipakwa rangi wakati wa kutengeneza postikadi, ama imepakwa na kompyuta juzi. Na ukiiuliza programu ya akili mnemba "hii ni ya mwaka gani", itakujibu kwa ujasiri uleule ikiwa sahihi au ikiwa imekosea. Iulize kitu unachoweza kukihakiki, kwa mfano ikusomee maandishi ya kibao, mwaka uutafute mwenyewe.

Kama kuna mtu kwenye ukoo mwenye postikadi yenyewe mkononi, mwombe apige na upande wa nyuma. Huko ndiko kwenye mali. Ujerumani iliruhusu mgongo wa postikadi kugawanywa kwa mstari wa kati, ujumbe kushoto na anwani kulia, mwaka 1905. Kabla ya hapo mgongo wote ulikuwa wa anwani. Stempu inasema zaidi. Stempu za Wajerumani zenye thamani kwa heller, sehemu ya mia ya rupia yao, zilianza 1905; za kabla yake zina neno "Pesa", jina la sarafu ndogo ya wakati huo. Zenye kichwa cha twiga na neno Tanganyika zilianza 1922. Zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja zilianza 1935. Muhuri wa posta ukisomeka, una tarehe ya siku yenyewe, ingawa kadi inaweza kuwa ilichapwa miaka kadhaa kabla ya kutumwa. Ukikwama kabisa, Nyaraka za Taifa wapo Upanga, Mtaa wa Vijibweni, na Makumbusho ya Taifa wapo Mtaa wa Shaaban Robert. Nenda na picha iliyochapwa, usiende na simu tu.

Limebaki la mjomba. Usimsahihishe mbele ya ukoo. Atatetea heshima yake na picha itasahaulika. Mfuate inbox, na mpe kitu cha kuangalia mwenyewe badala ya hukumu. Unaweza kumwandikia hivi: "Shikamoo mjomba. Ile picha ya Posta ni nzuri sana, nimeitazama kwa karibu. Nimeona chini ya sanamu pameandikwa 1914–1918, na kibao kinasema Acacia, jina la enzi ya Mwingereza. Nadhani aliyeandika maelezo aliichanganya na sanamu ya Wissmann, nakutumia na picha yake uzione zote. Ungependa uturushie tena na maelezo mapya?" Akikubali, mwandalie maelezo yenyewe ili asihangaike: "Sanamu ya Askari, Acacia Avenue (sasa Samora), Dar es Salaam. Ilizinduliwa 1927. Picha ni ya kati ya 1927 na Uhuru." Usiandike mwaka mmoja kamili mpaka uwe umeyasoma yale magari. Na yaandike maneno hayo juu ya picha yenyewe, pembezoni, yasikae kwenye ujumbe peke yake, maana mtu akifowadi na kuufuta ujumbe, picha itaondoka nayo.